Mifumo Endeshi Miwili katika Kipakatalishi Kimoja: Suala la Kizigeu

Tarakilishi haiwezi kutenda lolote bila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia maunzi na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Baada ya kampuni ya Microsoft kukomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wamiliki wa mashine zisizokidhi masharti ya Windows 11 walijikuta katika njia panda. Baadhi yao huteua Linux, hususan Ubuntu, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2004 na hupatikana bila malipo. Hata hivyo, kuihama Windows kabisa si jambo jepesi kwa mwanafunzi ambaye tasnifu yake nzima imo humo. Makala haya yanaeleza jinsi mifumo hiyo miwili inavyoweza kukaa pamoja, na mahali hasa ilipojificha hatari.

Ikumbukwe kwamba hatari kubwa haimo katika kuuweka mfumo wa pili, bali katika kuigawa diski. Istilahi itumikayo hapa ni kizigeu, neno ambalo kwa maana yake ya kawaida hurejelea kitu kinachotenga chumba. Uteuzi huu unafaa, kwa sababu humkumbusha mtumiaji kuwa nyumba ni ile ile: mpangaji mpya akipewa nafasi, wa zamani hupunguziwa yake.

Kwa hivyo, kazi huanza kwa nakala rudufu katika diski ya nje. Nakala iliyo ndani ya diski inayogawanywa si nakala. Kisha kizigeu cha Windows hupunguzwa kwa kutumia zana ya Windows yenyewe, kwani ndiyo ijuayo faili zake zilipo. Ubuntu huhitaji takriban GB 25. Aidha, vipakatalishi vingi vya karibuni huwa vimesimbwa kwa BitLocker, na mabadiliko katika utaratibu wa kuwaka huweza kuifanya mashine idai ufunguo wa tarakimu 48. Asiyeuhifadhi ufunguo huo mahali pengine mapema hupoteza kazi yake ilhali diski ni nzima. Vilevile, tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, kuna utaratibu wa kuwaka upesi ambao huifanya mashine izimike nusunusu tu. Utaratibu huo usipoondolewa, Linux huweza kukataa kuandika chochote katika kizigeu cha Windows. Na inafanya vyema kukataa.

Ubuntu hupakuliwa kutoka kwenye intaneti na kuandikwa katika flashi kwa programu maalumu; kuinakili kama faili ya kawaida hakutoshi. Mashine huwashwa kupitia flashi hiyo, na mtumiaji huruhusiwa kuujaribu mfumo kabla ya kuuweka. Fursa hii isipuuzwe, maana ndipo hubainika iwapo intaneti isiyo na waya, sauti na kibodi vinafanya kazi.

Baadaye kiwambo huonyesha chaguo mbili zinazokaribiana mno: kuweka Ubuntu kando ya Windows, au kufuta diski yote na kuweka Ubuntu. Chaguo la pili huondoa vizigeu vyote, pamoja na tasnifu. Ni sentensi mbili fupi, lakini msomaji mwenye haraka huweza kulipa gharama ya miaka miwili ya utafiti.

Kazi ikimalizika, programu iitwayo GRUB husimama mlangoni kama bawabu, ikimwuliza mtumiaji kila awashapo mashine ni mfumo upi aingie.

Husalia kero moja ndogo ambayo huwashangaza wengi nchini Kenya. Linux huweka saa ya dunia katika saa ya ndani ya mashine, ilhali Windows huichukulia saa hiyo kuwa ya mahali mtumiaji alipo. Kwa kuwa Kenya iko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu, Windows huweza kuonyesha saa mbili asubuhi wakati ambapo ni saa tano. Anayewasilisha kazi yake kwa kutegemea saa hiyo atachelewa huku akijiona amewahi. Tatizo hutatuliwa katika Ubuntu kwa amri moja: timedatectl set-local-rtc 1.