Pikapu ya Zamani: Tuitunze au Tuibadilishe?

SOMO LA VIKUNDI

Lengo la somo: Tukimaliza somo hili, kila mwenye gari aweze kukaa chini na daftari, apige hesabu yake mwenyewe, na aamue bila haraka na bila aibu.



Kila anayetumia barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu anazijua pikapu zetu za Subukia. Asubuhi zinapanda na maziwa, kabichi, viazi na magunia ya mahindi. Jioni zinarudi na mbolea, mabati na watoto waliofunga shule. Usiku zinapeleka mgonjwa hospitali. Nyingi ni kuukuu, na kila mwenye pikapu kuukuu hufika siku ya kujiuliza: je, niendelee kuitengeneza au nitafute nyingine?

Mimi siku hiyo ilinikuta barabarani. Pikapu yangu ilizimika tukipanda, nyuma nikiwa na maziwa ya majirani. Kabla fundi hajafika, jua lilikuwa limeshapanda na maziwa yameganda. Nililipa maziwa ya watu, nikamlipa fundi, nikafika nyumbani nimekasirika. "Hii gari imenimaliza! Kesho nauza!" Mama wa nyumba akaniuliza swali moja tu: "Baba watoto, umepiga hesabu, ama ni hasira inaongea?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa na daftari. Somo hili limetokana na swali lile.

1. KWA NINI GARI KUUKUU HUDUMU KWETU

Tusianze kwa kudharau gari la zamani. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Kwa miaka mingi Peugeot za abiria ndizo zilizobeba watu kati ya Nakuru na Nairobi. Pikapu zake ziliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa Ulaya gari dogo la aina hiyo lilikuwa limeachwa tangu 1983.

Siri yake si chuma peke yake. Gari hudumu pale ambapo fundi analijua na spea zinapatikana. Kabureta hufunguliwa chini ya mti, ikasafishwa kwa petroli, na safari ikaendelea. Gari la kisasa lenye kompyuta likigoma, fundi anahitaji mashine ya kulipima, na huenda mashine hiyo ikawa Nakuru mjini. Kwa hiyo swali la kwanza si "gari lina miaka mingapi?" bali "fundi wake yuko wapi, na spea zake bado zinauzwa?" Siku spea zitakapoanza kutafutwa kwa wiki mbili, nguvu ya gari la zamani imekwisha.

Pia tujue kwa nini gari lingine ni ghali. Gari linaloingizwa kutoka nje hulipiwa ushuru wa forodha, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, na kila ushuru hupigwa juu ya ule uliotangulia. Tena, kwa kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000, gari lililozidi umri wa miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini. Ndiyo maana gari lililokwishatumika Japani bado linatugharimu pesa nyingi, na gari kuukuu lililo hapa nchini halishuki bei haraka.

2. MAKOSA MATATU YANAYOTUPOTEZA

Kosa la kwanza ni kulinganisha bili moja na bei ya gari. Mtu anaambiwa ovaholi ya injini ni shilingi 90,000, anaruka: "Pesa hiyo yote kwa gari ya 250,000?" Lakini gari lingine halitamgharimu 90,000. Litamgharimu zaidi ya milioni. Bili ilinganishwe na gharama ya kupata gari lingine, si na bei ya kuliuza hili.

Kosa la pili ni kuhesabu pesa zilizokwenda. "Nimeweka gia boksi mpya mwaka jana, siwezi kuuza sasa." Pesa ya gia boksi imekwenda, na hairudi ukiuza wala usipouza. Tazama yanayokuja: kuanzia leo, njia ipi itakula kidogo?

Kosa la tatu ni aibu. Jirani amenunua gari linalong'aa, nasi tunataka letu ling'ae. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini mkopo wa jirani hulipwa na jirani, na wako utalipwa na ng'ombe wako.

3. HESABU YENYEWE

Mali bila daftari huisha bila habari. Chukua daftari la kawaida, piga safu nne: tarehe, spea na fundi, mafuta, na siku gari lililala bila kazi. Hii safu ya nne ndiyo tunayoisahau. Fundi ukimlipa unakumbuka, lakini siku mbili ulizokaa ukingoja spea huziandiki popote, na hizo ni pesa.

Tuchukue mfano wa mkulima ambaye pikapu yake humpa faida ya shilingi 3,000 kwa siku ya kazi. Anatembea kilomita 1,200 kwa mwezi. Pikapu yake ya zamani huenda kilomita 8 kwa lita, ile anayoitamani huenda 12. Tofauti ni lita 50 kwa mwezi. Tukikadiria lita moja ni shilingi 180, hiyo ni shilingi 9,000 kila mwezi. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Wewe weka zako.

Akibaki na ya zamani, kwa mwaka:
- Spea na fundi: 120,000
- Siku 18 zilizopotea: 54,000
- Mafuta ya ziada: 108,000
- Gari kushuka thamani: 30,000
Jumla: shilingi 312,000

Akinunua nyingine ya shilingi 1,300,000, auze ya zamani kwa 250,000, atoe akiba 250,000, na akope 800,000 kwa miezi 48. Mwaka wa kwanza:
- Gari kushuka thamani: 150,000
- Riba ya mkopo: 85,000
- Nyongeza ya bima kubwa: 60,000
- Huduma na matengenezo: 40,000
- Siku 3 zilizopotea: 9,000
Jumla: shilingi 344,000

Kumbe gari linalomchosha bado ni nafuu kwa shilingi 32,000! Lakini usifunge daftari bado. Siku zilizopotea zikiongezeka kutoka 18 hadi 29, gharama ya pikapu ya zamani inafika 345,000, na mizani imegeuka. Siku kumi na moja tu ndizo zinazobadilisha jibu. Asiyeandika siku hizo atajuaje amefika wapi?

Tena, tazama mbele zaidi ya mwaka mmoja. Riba ya mkopo huu hupungua kila mwaka, na mwaka wa nne itakuwa kama shilingi 13,000. Matengenezo ya gari la zamani kwa kawaida hupanda. Kwa hiyo kila baada ya miezi sita hesabu irudiwe.

4. MKOPO UNA SURA MBILI

Mkopeshaji akikwambia "asilimia 1 kwa mwezi", muulize: ya pesa zote nilizokopa, ama ya deni lililobaki? Kwa mkopo wetu wa 800,000 kwa miezi 48, riba ya deni linalopungua ni jumla ya shilingi 196,000. Riba ya pesa zote, bila kupunguza, ni shilingi 384,000. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti inatosha kulipa karo.

Jiulize pia pesa itatoka wapi kila mwezi. Mwezi wa kwanza atalipa karibu shilingi 24,700. Mahindi huvunwa kwa msimu, lakini deni halina msimu. Kama umeweka hatimiliki ya shamba kuwa dhamana, usisahau kwamba gari huchakaa na shamba halichakai. Ni vibaya kupoteza kisichochakaa kwa ajili ya kinachochakaa.

5. SIKIZA INJINI INASEMA NINI

Kabla ya kuuza au kufanya ovaholi, jua ugonjwa kwanza. Moshi wa bluu una maana injini inachoma oili, huenda ni ringi au sili za valvu. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi ni kabureta, nozeli au kichujio cha hewa kichafu, jambo la bei ndogo. Moshi mweupe usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua, ama oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda kabla ya kufungua chochote. Na usishangae gari likikosa nguvu kidogo huku kwetu juu: hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta hulisikia jambo hilo.

6. MAHALI AMBAPO HESABU HUKOMA

Ndugu zangu, barabara yetu ni ya milima. Kutoka Bahati unateremka hadi Subukia, kisha unapanda tena kwenda Nyahururu. Breki zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko hupata moto na kupoteza nguvu, ndiyo sababu tunateremka kwa gia ndogo. Lakini gia ndogo haiokoi gari bovu.

Kwa hiyo mambo matatu hayaingii katika daftari: breki, usukani na chesisi. Breki na usukani vikiwa na kasoro, gari lisitoke nyumbani hadi litengenezwe, hata kama maziwa yanangoja. Chesisi ikiwa imeliwa na kutu au imepasuka na kuchomelewa mara kwa mara, gari hilo limemaliza kazi yake. Usilitumie, wala usimuuzie mwenzako bila kumwambia. Injini hununuliwa. Mtu aliyekaa nyuma juu ya magunia hanunuliwi.

7. NJIA YA KATIKATI

Wengi wetu hatulazimiki kuchagua leo. Kama chesisi ni nzima na spea zipo, tengeneza yale ya lazima, kisha weka akiba kana kwamba umeshachukua mkopo. Shilingi 15,000 kwa mwezi kwa miaka miwili ni 360,000. Ukifika hapo deni lako litakuwa dogo, na utakuwa umejipima kama kweli unaweza kulipa kila mwezi. Ukishindwa kuweka akiba hiyo, mkopo ungekushinda vibaya zaidi.

Siku ya kununua ikifika, usiache mbachao kwa msala upitao. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Washa injini ikiwa baridi. Linganisha namba ya chesisi na ile ya logbuku, na uhakikishe NTSA inamtambua huyo anayekuuzia kuwa ndiye mwenye gari. Usimalize kulipa kabla mambo ya kubadilisha jina hayajaanzishwa.

Pikapu yangu? Nilifungua daftari, nikaitunza mwaka mmoja na miezi minne zaidi. Siku zilizopotea zilipozidi thelathini kwa mwaka, niliiuza bila hasira na bila majuto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari lako lililala siku ngapi mwaka uliopita? Kila siku ingekupa shilingi ngapi?
2. Ni nani kati yetu anayejua kama riba ya mkopo wake ni ya deni lililobaki au ya pesa zote?
3. Kama watu watano wenye ng'ombe wanatumia pikapu moja kupeleka maziwa, ni nani anayepaswa kuchangia matengenezo, na kwa kiasi gani?
4. Tufanye nini tukiona pikapu yenye breki mbovu inapakia watu?

Kazi ya nyumbani: Anza daftari lako wiki hii, ulilete katika mkutano ujao.