Kompyuta Isiyotoka Bila Kuaga

Wadogo zangu, huku Nyabiyonza mvua imetushika tangu asubuhi, umeme umekwenda na kurudi mara mbili, na mimi nimejibanza kwenye kibanda changu cha steshenari na barua iliyonichekesha mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Ameiandika binti wa upande wa Kyerwa. Mjomba wake amemletea laptopu ya mtumba kutoka Mwanza, RAM GB 4, naye anataka kufungua steshenari ndogo karibu na shule. Wazo zuri kabisa. Balaa ni washauri. Fundi wa pale senta anataka ampigie Windows kwa shilingi 15,000. Kaka yake aliyeko chuo Dodoma amerudi likizo na kumwambia aweke Kali Linux, "uwe noma". Rafiki yake anasema Ubuntu. Laptopu imelala kabatini wiki ya tatu sasa. Mwisho wa barua ameandika: "Dada, acha ya watu. Wewe mwenyewe unatumia nini, na kwa nini?"

Natumia Debian, mdogo wangu, yenye sura ya Xfce. Kuhusu hiyo "kwa nini", vuta kigoda, maana sababu zangu ni za kibandani, wala sitakutajia kasi ya prosesa hata mara moja.

Nilianza na Ubuntu, na siisemi vibaya. Mwaka 2009 nilikuwa nasoma Dar es Salaam. Mwenzangu wa bweni alipokea kwa posta bahasha yenye CD, bure, hata gharama ya kuituma hakudaiwa. Enzi hizo Ubuntu walimtumia CD yeyote aliyeomba, popote alipo. Waliacha mwaka 2011. Nilipoiwasha nikakuta skrini ya kahawia kama udongo wa barabara ya kwetu, na jina ambalo sisi wa Karagwe hatuhitaji mkalimani. Obuntu. Utu. Aliyeianzisha, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Mwaka huohuo pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu wa mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka yenye menyu za Kiswahili. Nilipoiona baadaye nikabaki nafungua menyu moja baada ya nyingine bila kuandika chochote, nasoma tu. Kwa hiyo mapenzi yalikuwapo, tena ya dhati.

Kilichotutenganisha ni bando.

Chuoni intaneti ilitoka ukutani. Hapa kibandani intaneti yangu ni simu yangu: naichomeka kwenye kompyuta kwa waya uleule wa kuchajia, naruhusu mtandao upite, kazi inaendelea. Sasa Ubuntu ya miaka hii huleta baadhi ya programu zake, Firefox ikiwamo, kwa mtindo unaoitwa snap. Snap hujisasisha zenyewe. Kwa kawaida huchungulia mara nne kwa siku kama kuna kipya, zikikikuta zinakishusha. Kwa mtu mwenye waya wa intaneti nyumbani, hiyo ni huduma. Mimi siku moja nilinunua bando asubuhi ili nimalize maombi ya mkopo wa elimu ya juu ya vijana watatu. Kufika saa tano limekwisha, na fomu ya kijana wa tatu iko nusu, mama yake amekaa kwenye benchi na kitambulisho mkononi. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimeuambia mfumo kwamba mtandao huu ni wa kupimiwa. Lakini siku hiyo nilijijua: sitaki mashine inayotoka nyumbani bila kuaga.

Debian, nilivyoiweka mimi, inaaga. Haisasishi kitu mpaka nikae nayo, niandike amri, halafu inanijibu: nitashusha megabaiti kadhaa, diski itapungua kiasi fulani, niendelee? Ndiyo au hapana. Basi. Kama muuza duka anayekutajia bei kabla hajapima sukari. Siku za wiki nasema hapana. Jumapili usiku, bando la usiku likiwa na nafuu, nasema ndiyo na kwenda kulala. Ukiniuliza kilichoniteka kwa Debian ni nini, ni hilo swali moja. Wengine watakutajia mambo makubwa zaidi, wasikilize tu.

Tena yote inakaa kwenye flashi. Debian wanatoa DVD nzima, karibu GB 4, ambayo ndani yake mna mfumo wenyewe na shehena ya programu. Niliishusha mara moja nikiwa Bukoba, kwa intaneti ya watu, nikarudi nayo kwenye pochi. Tangu hapo nimeziwekea kompyuta kadhaa za hapa kijijini bila kutumia hata megabaiti moja ya bando. LibreOffice ya kuandikia imo humohumo, kivinjari kimo.

Halafu hainibadilishii vyombo jikoni. Toleo jipya la Debian huja kila baada ya miaka miwili hivi; la 12 lilitoka Juni 2023, la 13 likaja Agosti 2025. Katikati hapo unapata marekebisho ya usalama na ya makosa, menyu inabaki pale ulipoiacha. Binti anayenisaidia hakusomea kompyuta. Amekariri kwa vidole: hapa unaskani, hapa unachapa, hapa unazima. Siku kitufe kikihama, kwangu hiyo ni siku nzima ya foleni.

Lakini lililonifanya nijulikane hapa ni flashi ya mwalimu.

Aliingia jioni, mvua inamtiririka, flashi kaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Ndani mna mitihani ya nusu muhula ya madarasa manne, na inafanywa kesho asubuhi. Ameshaipitisha kwenye kompyuta mbili za watu, na kila akiifungua anaona folda zake zimegeuka shotikati. Akibonyeza, hakuna kitu. "Dada, nimekwisha," akasema, na hata salamu alisahau.

Nikaichomeka. Kwenye Debian ile flashi ilionekana uchi. Shotikati nne zenye .lnk mkiani, faili moja lenye jina refu lisilosomeka, na chini kabisa folda isiyo na jina. Jina tupu, nafasi tu. Huo ndio ujanja wa kile kirusi: hukusanya mali yako yote kikaitia kwenye folda isiyo na jina, kikaipiga alama ya kufichwa ambayo Windows huiheshimu, kisha kikasimamisha vibao vya uongo mlangoni ili ukibonyeza ukiamshe. Kompyuta yangu haikuijali ile alama, na kirusi chenyewe kimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwangu kililala pale kama nzi aliyekufa. Nikafungua ile folda. Darasa la Nne, la Tano, la Sita, la Saba, vyote vimo, hadi ile ratiba ya zamu aliyodhani aliifuta. Mwalimu akaketi juu ya rimu zangu za karatasi bila kuomba ruhusa.

Sikuambii Linux haipati virusi, msije mkaninukuu vibaya. Nasema virusi vinavyozunguka kwenye flashi za huku kwetu vimeandikwa kuwinda Windows, na steshenari ni stendi ya flashi. Zote zinapita hapo. Kumi kwa siku, ishirini msimu wa mitihani.

Turudi kwa washauri wako. Kaka yako kwanza, mwenye Kali yake. Mwambie Dada amecheka kwa upendo. Kali imejengwa juu ya hiyohiyo Debian yangu, imetoka mwaka 2013, na imejazwa zana za watu wanaolipwa kupima usalama wa mitandao. Ni mtoto wa Debian aliyevaa gwanda. Watengenezaji wake wenyewe wanasema haimfai mtu anayeanza Linux wala anayetafuta kompyuta ya kazi za kila siku. Wewe unataka kuchapa barua za maombi ya kazi na kutoa picha za pasipoti. Vijana wengi wanaipenda kwa sababu ya ile nembo ya joka na kwa sababu jina linasikika Kiswahili. Akitaka noma, aisomee kwenye laptopu yake.

Fundi naye ana hoja moja ya kweli: wateja wamezoea Windows. Lakini mwulize ni ipi, na leseni yake iko wapi. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai prosesa ambazo mitumba mingi ya kwetu haina. Akikuambia "nitaikraki", ujue unamlipa mtu akuletee faili asilojua limetoka wapi, kwenye mashine itakayoshika vitambulisho vya NIDA vya watu wazima na vyeti vya watoto wao. Hapo mimi sina mzaha.

Na rafiki yako wa Ubuntu? Hajakosea. Ningekuwa sikufahamu, unaishi mbali na una intaneti ya uhakika, ningekuambia hata uichukue Linux Mint yenye Xfce. Imezaliwa na Ubuntu, ipo tangu 2006, ilizifungia mlango snap mwaka 2020, na menyu yake iko pale kushoto chini ambapo mtu wa Windows anapeleka kidole bila kufikiri. Kwa anayeanza ni pole kuliko Debian. Hilo nalikubali, ingawa kwa shingo upande.

Sasa niwe mkweli na kasoro, nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Printa. Hapo ndipo nilipolia. Zipo ambazo ukizichomeka tu zinachapa, na zipo ambazo mtengenezaji wake hakuwahi kufikiri kwamba nje ya Windows kuna binadamu. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya kundi la pili, na ilikaa dirishani miezi mitatu kama pambo. Kwa hiyo kabla hujanunua printa, nenda dukani na laptopu yako na flashi, mwambie muuzaji achomeke ukiona. Akikataa, pita duka la pili.

Kasoro nyingine ni herufi. Walimu wanaleta nyaraka za Word zilizoandikwa kwa Calibri, na Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Debian. Zamani nilifungua mtihani wa kurasa mbili ukawa tatu, swali la 40 likabaki peke yake ukurasa wa mwisho kama yatima. Dawa yake inaitwa Carlito. Ni aina ya herufi za bure zilizopimwa upana uleule wa Calibri, herufi kwa herufi, hivyo mistari inakatika palepale. Ya Times New Roman inaitwa Liberation Serif. Hakikisha zote mbili zipo kabla hujafungua mlango kwa wateja.

Wi-Fi nayo ilikuwa kesi, maana Debian ilikataa kuweka ndani ya kisakinishi chake vipande vya programu visivyo huru, na kadi nyingi za Wi-Fi haziamki bila hivyo. Walilegeza tangu toleo la 12. Ndivyo walivyo wale watu. Ian Murdock aliianzisha mwaka 1993, akaunganisha jina la mchumba wake Debra na lake, na mpaka leo hakuna kampuni inayoimiliki. Wanaoitengeneza ni wanachama wa kujitolea wa nchi nyingi, wanamchagua kiongozi kila mwaka kwa kura, wanabishana kwa maandishi mpaka wanachoka. Mimi binti wa mkulima wa kahawa nikisoma ubishi wao naona kikao cha AMCOS, ushirika wetu wa mazao, kabisa, ila hapa mwanachama analeta kazi badala ya magunia. Matoleo wanayaita majina ya wahusika wa filamu ya katuni ya Toy Story. Hili la 13 ni Trixie, dinosau wa rangi ya buluu. Watu wazima hao.

Kwa hiyo mdogo wangu, toa laptopu kabatini. Kwa kuwa uko karibu nami nakupa ninachokijua, ili ikikwama usiku uwe na wa kumwuliza. Njoo siku isiyo ya gulio. Hatutagusa diski yako kwanza. Tutaiwasha kutoka kwenye flashi yenye Debian ya majaribio, itafunguka, na mafaili yako yatabaki kama yalivyo. Jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, jaribu kuchapa ukurasa mmoja kwenye printa yangu. Usipoipenda, tunachomoa flashi, unaondoka na laptopu yako kama ulivyokuja, na chai utakuwa umekunywa.

Beba chaja, maana betri ya mtumba naijua. Beba na flashi ya GB 8 iliyo tupu. Ile yenye picha za harusi ya dada yako iache nyumbani, maana tukishaiandikia Debian hakuna kitakachobaki humo, na mimi sitaki kuja kulaumiwa kwenu.