Mwamuzi wa Softiboli na Kinga ya Uso: Avae au Asivae?

Somo hili linawahusu wazazi, walimu wa michezo, viongozi wa klabu, na kila mwananchi anayetoa fedha yake ili vijana wapate vifaa vya kuchezea. Lengo letu ni kumsaidia mlaji aamue kwa hoja kabla hajafungua pochi.

Mfano wa Olasiti

Tuchukulie kwamba wazazi wa shule moja ya Olasiti, upande wa magharibi wa Jiji la Arusha, wamechanga fedha za kuanzisha timu ya softiboli. Wamepata magongo mawili ya kupigia, mipira sita, glavu, na kinga moja ya uso. Siku ya mchezo wa kwanza kinga ile anapewa mdakaji, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mwalimu anayeamua mchezo anasimama hatua moja nyuma ya mdakaji huyo, ameinama, macho yake yakitazama juu ya bega la kijana. Usoni hana kitu ila kofia ya jua.

Mzazi mmoja anauliza, "Na mwalimu, je?" Mwingine anamjibu kwamba jina la mchezo lenyewe lina maana ya mpira laini, na kwamba mwamuzi si mchezaji.

Mfano huu tumeutunga, lakini swali ni la kweli, na jibu letu tunalitoa mapema: mwamuzi anayesimama nyuma ya mdakaji katika mchezo wa kurusha kwa kasi ni lazima avae kinga ya uso yenye kinga ya koo. Ikiwa kinga haipo, asisimame mahali pale. Sehemu zinazofuata zinaeleza sababu zake, na namna ya kununua bila kudanganyika.

Jina linalopotosha

Softiboli ilianza Chicago, Marekani, mwaka 1887. Watu waliucheza mchezo huo ndani ya jengo, na mpira wao wa kwanza ulikuwa glavu ya ndondi iliyofungwa ikawa mviringo. Huo ulikuwa laini kweli. Mpira wa leo ni kitu kingine. Mpira rasmi wa softiboli ya kasi una mzingo wa takribani sentimita 30 na uzito wa kati ya gramu 178 na 198. Mpira wa besiboli hauzidi gramu 149, na ule wa kriketi hauzidi gramu 163. Kwa hiyo huu unaoitwa laini ndio mzito kuliko yote mitatu, na ukiubonyeza kwa kidole haubonyei kwa urahisi.

Nchini mwetu mchezo huu bado ni mchanga, na unakua sambamba na besiboli. Uwanja wa michezo hiyo katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Japani, ulifunguliwa mwaka 2018 tu. Kwa sababu hiyo vifaa vyake havijazoeleka madukani, na wanunuzi wengi hawana jirani wa kumuuliza kipi kizuri na kipi kibovu.

Hatari inatoka wapi?

Wengi hudhani kwamba mwamuzi huumizwa na mpira ambao mdakaji ameukosa. Hilo hutokea, lakini hatari kubwa zaidi ni mpira unaokwaruzwa na gongo. Mpira huo hubadili mwelekeo ghafla, ukampita mdakaji juu au pembeni, na kumwendea mwamuzi usoni.

Tufanye hesabu. Mpira unaokwenda kilomita 70 kwa saa hukata karibu mita mbili katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Uso wa mwamuzi uko takribani umbali huo, au pungufu yake, kutoka gongo linapougusa mpira. Binadamu mwenye afya njema huhitaji kiasi cha sehemu mbili za kumi za sekunde ili aone jambo na kuanza kujikinga. Maana yake ni kwamba mpira hufika kabla mwili haujapata habari. Kwa hiyo anayesema, "Mimi nina macho makali, nitakwepa," anaahidi jambo ambalo mwili wa mwanadamu hauwezi.

Waliotutangulia walijifunza kwa maumivu

Kinga ya uso ya mdakaji ilibuniwa na Frederick Thayer wa Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1870, naye akapata hataza yake mwaka 1878. Wakati ule wapo waliowacheka walioivaa, wakiona ni woga. Leo hakuna anayecheka.

Mwaka 1976 kipande cha gongo lililovunjika kilimchoma kooni Steve Yeager, mdakaji wa timu ya Los Angeles Dodgers, hali akisubiri zamu yake ya kupiga. Baada ya ajali hiyo, mtaalamu wa tiba wa timu yake, Bill Buhler, alibuni kipande kinachoning'inia chini ya kinga ya uso ili kulinda koo. Tangu hapo kinga ya koo ikawa sehemu ya vifaa vya wadakaji na waamuzi.

Katika kriketi, mchezo unaochezwa Arusha tangu zamani, waamuzi walizoea kusimama vichwa wazi. Mwaka 2014 mwamuzi mmoja nchini Israeli alifariki dunia baada ya kupigwa na mpira uwanjani. Januari 2016 mwamuzi John Ward wa Australia, ambaye wiki chache kabla alikuwa amepigwa na mpira kichwani nchini India, aliamua mchezo wa kimataifa akiwa amevaa kofia ngumu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Hata hivyo, kinga si hirizi. Aprili 2008 Kerwin Danley, mwamuzi wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, alipigwa na mpira tayayani akiwa amevaa kinga, akaanguka na kupelekwa hospitali. Kinga hupunguza dhara, haiondoi hatari yote. Ndiyo maana ubora wake una uzito sawa na kuwapo kwake.

Hoja za wasiotaka kuvaa

*"Fito zinanizuia kuona."* Fito za kinga iliyokaa vizuri huwa karibu sana na macho, hivyo jicho linalotazama mpira ulio mbali huzipuuza. Ukiona fito muda wote, yamkini kinga ni kubwa mno au imekaa vibaya.

*"Sauti haisikiki."* Mwamuzi huivua kwa mkono mmoja mara mpira unapopigwa mbali, kisha huamua akiwa uso wazi. Kinga ya mwamuzi imetengenezwa ili ivulike upesi.

*"Joto ni kali."* Ni kweli, hususan adhuhuri ya Januari. Dawa yake ni kunywa maji na kupumzika kati ya vipindi.

*"Nimeamua miaka mingi bila kuumia."* Bahati ya jana si ulinzi wa leo.

Tunakiri kwamba si kila mwamuzi anahitaji kinga hii. Anayesimama karibu na vituo vya wakimbiaji huwa mbali na gongo, ana nafasi ya kuona na kukwepa, na kwa kawaida haivai. Katika mchezo wa kurusha polepole, ambapo mpira huenda juu kwa upinde, hatari hupungua. Hata hapo tunashauri anayesimama nyuma ya mdakaji aivae.

Kabla ya kununua: majaribio matano

1. *Mpira.* Nenda dukani na mpira mtachochezea. Usukume kwenye kila uwazi wa fito. Usipenye, wala usiguse pua ya aliyeivaa.

2. *Maungio.* Pitisha kidole kila mahali fito zinapokutana. Ufa, kutu iliyochimba, au ufito uliopinda ni sababu ya kuirudisha. Rangi mpya juu ya chuma cha zamani isikupumbaze. Mara nyingine hupakwa ili kuficha ufa.

3. *Sponji.* Bonyeza pedi za paji la uso na kidevu, kisha achia. Zinapaswa kurudi zilivyokuwa. Pedi hizo ndizo zinazosambaza nguvu ya pigo. Zikiwa ngumu kama ubao au zikimomonyoka, chuma kitagonga mfupa.

4. *Mikanda.* Ivute. Iwe na mnyumbuko, na ishike kichwa bila kubana. Mtumiaji atikise kichwa: kinga isiteleze ikafunika macho.

5. *Koo.* Aliyeivaa ainue kidevu kama atazamaye mpira ulio juu. Koo likibaki wazi, dai kipande cha kinga ya koo.

Angalia pia maandishi ya mtengenezaji: jina lake, saizi, na mchezo uliokusudiwa. Vifaa vingi kutoka Marekani, hasa kofia za wapigaji na za wadakaji, huwa na alama ya NOCSAE, chombo kilichoanzishwa mwaka 1969 kuweka viwango vya vifaa vya kinga vya michezo. Alama ni msaada, lakini haitengui majaribio haya, kwa kuwa kifaa kilichokuwa kizima kilipotoka kiwandani chaweza kuwa kibovu kikifika kwenye rundo la mitumba.

Vibadala tusivyovishauri

*Kofia ngumu ya pikipiki.* Kioo chake hakikutengenezwa kwa pigo la mpira mzito wa karibu, na kikivunjika vipande vyake vi mbele ya macho. Aidha, kofia hiyo huziba masikio na haivuliki upesi.

*Kinga ya mchomeleaji.* Hiyo huzuia mwanga na cheche. Haikukusudiwa kuzuia pigo.

*Kinga iliyochomelewa mtaani.* Hatuwadharau mafundi wetu, lakini chuma kisicho na pedi sahihi huhamisha pigo lote usoni, na ungio dhaifu likikatika huacha ncha kali.

*Kofia ya kriketi.* Ina fito, lakini haikupimwa kwa mpira wenye uzito huu, na zilizo nyingi huacha koo wazi.

Fedha zikitosha kinga moja tu

Hapa ndipo wazazi wa mfano wetu walipokwama. Jibu letu ni hili: kinga hiyo avae mdakaji, kwani yeye hana pengine pa kukaa. Mwamuzi ahame. Asimame nyuma ya mrushaji, katikati ya uwanja, kama ifanywavyo katika mechi nyingi za kirafiki zenye mwamuzi mmoja. Uamuzi juu ya mpira wa chini au wa pembeni utakuwa mgumu kidogo, lakini hakuna pointi yenye thamani ya jicho la mwalimu. Njia nyingine ni kutumia mpira laini wa mazoezi au kucheza kwa kurusha polepole hadi fedha zipatikane.

Tunasisitiza jambo moja kwa kamati zinazopanga bajeti: mwamuzi ahesabiwe miongoni mwa wanaohitaji vifaa tangu siku ya kwanza. Aghalabu husahaulika kwa kuwa hana jezi ya timu yoyote.

Matunzo

Futa jasho kila baada ya mchezo. Osha pedi kwa sabuni ya kawaida na maji, kisha zianike kivulini, maana jua kali huharibu sponji. Vumbi la viwanja vyetu huingia kwenye mikanda na kuila, ikung'ute. Kinga iliyopata pigo kubwa ikaguliwe upya kwa majaribio yale matano. Ikipinda, usiinyooshe kwa nyundo, iache.

Haki yako ukiuziwa kilicho kibovu

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, hali au matumizi ya bidhaa. Anayekuuzia kinga iliyotumika kwa kudai ni mpya anakiuka haki yako. Dai risiti ya EFD, uitunze pamoja na kifungashio, na upige picha ya kasoro mara uionapo. Anza kwa muuzaji. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, au Shirika la Viwango Tanzania ikiwa shaka yako ni juu ya ubora na usalama.

Mtu akipigwa

Simamisha mchezo. Asiendelee kuamua siku hiyo hata akisema yu mzima. Kizunguzungu, kutapika, kuona vitu viwili viwili, damu au majimaji masikioni au puani ni dalili za kumpeleka hospitali bila kuchelewa. Jicho lililopigwa lisibonyezwe wala kusuguliwa. Aliyepigwa kooni, akibadilika sauti au kupumua kwa shida, apelekwe mara moja.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano wa wazazi

1. Katika bajeti yetu ya vifaa, mwamuzi ametajwa?
2. Nani alifanya majaribio matano kwa kinga tulizo nazo, na lini?
3. Kinga ikiharibika siku ya mechi, mwamuzi wetu anajua pa kusimama?

Ikiwa swali lolote kati ya haya halina jibu, lijibuni kabla ya mrushaji kuushika mpira.