Dondoo muhimu: Ukienda Old Sturbridge Village

Kijiji hiki cha makumbusho cha Massachusetts, Marekani, kilifunguliwa mwaka 1946. Kinaonyesha maisha ya mashambani ya New England, kuanzia miaka ya 1790 hadi ya 1830.

Viatu. Vaa vya kutembelea. Eneo lina zaidi ya ekari 200.

Pa kuanzia. Nenda kwanza kwenye vinu vya maji: cha kusaga nafaka, cha kupasua mbao na cha kuchambua sufu. Usipite haraka. Fuata maji kutoka bwawani hadi kwenye gurudumu, kisha tazama nguvu hiyo inavyofika kwenye msumeno. Kwangu mimi, hapa ndipo penye somo kubwa kuliko nyumba zote za kifahari kijijini.

Maswali. Mhunzi, mfinyanzi na mpishi wa jikoni wamevaa kama watu wa zamani, lakini wanafanya kazi kwelikweli. Waulize kuhusu kazi yenyewe: chuma kinajulikanaje kuwa kimeiva kwa kufuliwa? Udongo huu unatoka wapi? Kwenye shamba la kijijini liitwalo la Freeman, uliza wanavyofunza maksai.

Dukani. Kwenye duka la Asa Knight, tafuta vitambaa vya pamba. Katika miaka hiyohiyo ya 1830, meli za Salem, bandari ya jimbo hilohilo, zilikuwa zikileta vitambaa vya pamba Zanzibar na kurudi na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Mgeni kutoka pwani yetu asiondoke bila kuuliza habari za biashara hiyo.