Mgonjwa wa Kariakoo Huandikishwa Wapi? Somo Kuhusu Huduma ya Msingi ya Pamoja

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wachukuzi hawajaondoka. Marobota bado hubebwa mgongoni kutoka kwenye malori hadi madukani, mikokoteni bado hupenya kati ya meza za wamachinga, na mama lishe bado huwasha jiko kabla ya alfajiri. Watu hawa wote wana jambo moja linalomhusu mtoa huduma za afya: kipato chao ni cha kutwa. Asubuhi inayoishia kwenye foleni ya kliniki haina ujira, na jioni yake huenda isiwe na chakula.

Ni muhimu kulielewa hili mapema, kwa sababu tumezoea kupima ukosefu wa usawa kwa kilomita. Mkazi wa kijiji cha mbali hukosa huduma kwa kuwa zahanati iko mbali. Mkazi wa Jangwani hana tatizo hilo: Hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani, na Muhimbili iko upande wa pili, Upanga. Dawa za kifua kikuu na zile za kufubaza virusi vya Ukimwi hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Anachokosa ni muda. Kwa mgonjwa anayepaswa kumeza dawa kwa miezi sita, au kwa maisha yake yote, muda huo ndio gharama halisi ya matibabu.

Kazi ikigawanywa, je, matibabu hudhoofika?

Jibu la kawaida kwa tatizo hili ni kuigawa kazi. Tabibu hubaki na uchunguzi na maamuzi magumu. Muuguzi hufuatilia maendeleo. Mtaalamu wa maabara hupima makohozi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au ndugu aliyefundishwa, humsimamia mgonjwa karibu na anapoishi. Wapo waliohofia kwamba mpango huu ni huduma ya daraja la pili kwa ajili ya maskini. Hofu hiyo ilistahili kupimwa, na imepimwa hapa hapa Dar es Salaam.

Utafiti uliofanyika Temeke na kuchapishwa mwaka 2004 uliwahusisha wagonjwa 587 wa kifua kikuu. Waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walimeza dawa mbele ya mtoa huduma kituoni, wengine walisimamiwa katika jamii na ndugu au na watu waliowahi kuugua ugonjwa huo wakapona. Matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 85 ya waliosimamiwa katika jamii na asilimia 83 ya waliokwenda kituoni. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kudai kwamba upande mmoja ulishinda. Miaka michache baadaye nchi ilianza kumruhusu mgonjwa kuchagua mwenyewe: kusimamiwa kituoni, au nyumbani na msimamizi anayemteua yeye.

Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Vituo 48 vya umma vya jiji hili viligawanywa katika makundi mawili, vikiwa na washiriki 2,172. Katika kundi moja, mgonjwa ambaye hali yake ilikuwa imetulia aliweza kupelekewa dawa nyumbani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwishoni, virusi havikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 10.9 ya kundi hilo na asilimia 9.7 ya kundi la huduma ya kawaida. Watafiti hawakuuliza kama njia ya nyumbani ni bora zaidi; waliuliza kama ni duni kupita kiasi kinachoweza kuvumilika. Jibu lilikuwa kwamba si duni. Msomaji asiyekuwa mtafiti na azingatie tofauti hiyo, maana anayesema kwamba huduma ya nyumbani "imethibitika kuwa bora" amevuka mpaka wa ushahidi.

Kuna jambo lingine katika utafiti huo ambalo halikusemwa sana. Katika kundi lililopewa nafasi ya kupelekewa dawa, waliopelekewa hawakufika nusu. Baadhi hawakuwa na sifa kwa kuwa hali zao hazijatulia, na wengine hawakutaka. Mtu anayezijua nyumba zetu hatashangaa. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba vinavyotazamana ukumbini, kila chumba na mpangaji wake, na uani kuna bomba na jiko la wote. Mgeni mwenye mkoba wa dawa huonekana na macho yasiyopungua kumi kabla hajabisha hodi. "Nyumbani" kwa watu wa namna hii si mahali pa faragha, na timu inayosema inampelekea mgonjwa huduma mlangoni inapaswa kuuliza kwanza ni mlango upi.

Mtaa wa kulala na mtaa wa kushinda

Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika kipindi cha miaka mitano. Hesabu yake inatokana na kuweka wahudumu wawili kwa kila kitongoji na wawili kwa kila mtaa. Kwa kijiji, hesabu hii inaeleweka: mtu hulala, hulima na huugua mahali pamoja. Kwa Kariakoo hailingani na hali ilivyo. Umati unaojaa sokoni mchana hulala Mbagala, Gongo la Mboto, Buguruni au Kimara. Mhudumu wa mtaa wa Kariakoo hana jina la mchukuzi katika daftari lake. Mhudumu wa Mbagala analo, lakini akibisha hodi saa nne asubuhi hukuta kufuli. Mtu huyo yumo katika hesabu, ila hakuna anayekutana naye.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mpango mzuri unapoweza kushindwa katikati ya jiji. Idadi ya wahudumu katika eneo la soko haina budi kuzingatia wanaoshinda hapo, si wanaolala pekee. Wakati jambo hilo linasubiri maamuzi ya ngazi za juu, kituo kinaweza kuanza na daftari lake. Muuguzi anapomwandikisha mgonjwa, kando ya mtaa anaolala aandike pia mahali anaposhinda, saa anayopatikana, na mtu ambaye mgonjwa mwenyewe ameridhia afuatwe. Msimamizi wa matibabu si lazima awe mke au kaka. Anaweza kuwa jirani wa meza sokoni, mradi amechaguliwa na mgonjwa na amefundishwa kutunza siri.

Upande wa Jangwani bondeni, daftari linahitaji kitu cha ziada. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini ya jiji. Kwa mgonjwa aliye katikati ya dozi, kuhama kwa ghafla kunaweza kukata matibabu kuliko hata usahaulifu. Kwa hiyo, kabla ya masika na kabla ya vuli, wagonjwa wa bondeni waelezwe kwamba kituo chochote cha umma chenye huduma ya kifua kikuu kinaweza kuwaendeleza, na wakae na kadi ya matibabu mahali pakavu, pamoja na namba ya simu ya kliniki.

Mipaka ya kila mmoja

Timu hufanya kazi iwapo kila mmoja anajua mwisho wa kazi yake. Msimamizi anaweza kumtuliza mgonjwa anayeona mkojo wenye rangi ya chungwa. Hiyo ni rangi ya dawa na haina madhara. Macho yakigeuka manjano, kutapika kukizidi, au mgonjwa akianza kuona vibaya, msimamizi hana mamlaka ya kushauri lolote zaidi ya kurudi kituoni siku hiyo hiyo. Tabibu naye asimrejeshe mgonjwa huyo nyuma ya foleni: msimamizi aliyepuuzwa mara moja hataleta mgonjwa wa pili. Aidha, watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu wafikishwe kituoni wachunguzwe, na wasiokuwa na ugonjwa wapewe dawa ya kinga.

Nawe unayesoma ukiwa umekaa juu ya gunia, ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe makohozi. Ukikutwa na ugonjwa, mwambie muuguzi saa unazoingia na kutoka sokoni kabla hajakupangia siku ya kurudi. Asipokuuliza, mtajie wewe.