Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nani Ana Haki Kijijini?



Mwezi Julai 2019 mahakama ya mji wa Rochefort, magharibi mwa Ufaransa, ilisikiliza kesi ya jogoo. Jogoo huyo aliitwa Maurice. Aliishi Saint-Pierre-d'Oléron, katika kisiwa cha Oléron, na kosa lake lilikuwa kuwika alfajiri. Walalamikaji walikuwa wastaafu wenye nyumba ya mapumziko jirani na hapo. Mwenye jogoo alikuwa mkazi wa miaka mingi. Tarehe 5 Septemba mwaka huohuo mahakama iliamua kwamba jogoo aendelee kuwika, na walalamikaji wakatakiwa kumlipa mwenye jogoo fidia ya euro 1,000.

Sisi ambao jogoo hutuamsha kabla hata ya kengele ya seminari tunaweza kucheka. Mimi nilicheka. Lakini ugomvi kama huo upo pia katika parokia zetu, hasa zile za pembezoni mwa miji, ambako mashamba ya juzi ni viwanja vya leo, na mtu aliyeishi miaka thelathini mjini anahamia jirani na mtu aliyezaliwa palepale. Ndiyo maana napenda tuichukue kesi hii kama somo la haki: mgeni anapohamia kijijini, nani anapaswa kumzoea nani?

Picha na kazi

Mwezi Mei 2019, kabla kesi ya Maurice haijasikilizwa, meya wa kijiji cha Gajac, kusini-magharibi mwa Ufaransa, Bruno Dionis du Séjour, aliandika barua ya wazi akitaka sauti za vijijini zitambuliwe kuwa urithi wa taifa: jogoo, ng'ombe, punda, na kengele za kanisa. Barua ile haikuishia kwenye magazeti. Mbunge Pierre Morel-À-L'Huissier alipeleka muswada bungeni, na tarehe 29 Januari 2021 Ufaransa ikapata sheria inayozitaja sauti na harufu kuwa sehemu ya urithi wa mazingira ya nchi. Ndiyo, harufu pia. Samadi imeingia kwenye sheria.

Kwa nini ilibidi kufika huko? Nadhani ni kwa sababu watu wawili wanaweza kusimama mbele ya kijiji kimoja na kuona vitu viwili. Anayetoka mjini huona utulivu, hewa safi, miti. Hayo yapo kweli. Ila hewa ile ni safi kwa sababu watu waliendelea kulima badala ya kuuza, na wanaolima hufuga, na mfugo hunuka, hulia, huacha njia na kuingia kwenye maua ya jirani. Mwenyeji haishi ndani ya picha, yuko kazini. Mtu akipenda mandhari ya shamba na kuchukia kazi ya shamba, amependa tunda na kuuchukia mti wake.

Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anaeleza kwamba kijiji huzaliwa pale kaya nyingi zinapoungana kwa ajili ya mahitaji yanayozidi yale ya kila siku. Kwa maneno mengine, kijiji ni mapatano ya kazi kabla ya kuwa mahali kwenye ramani. Anayenunua kiwanja amenunua ardhi, lakini mapatano yale hayajaandikwa kwenye hati ya mauzo. Atayajifunza kwa kukaa, kuuliza na kusalimia. Abrahamu alilijua jambo hili. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, anatafuta mahali pa kumzika Sara. Analipa shekeli 400 za fedha, bei kamili bila kuombea punguzo, lakini kabla ya kulipa anainama mbele ya wenyeji wa nchi na kujitaja kuwa mgeni kati yao. Fedha alikuwa nazo, akaona hazitoshi.

Je, aliyetangulia ana haki yote?

Mpaka hapa nimempendelea mwenyeji, na wengi tungependa tuishie hapo: aliyekuja atukute tulivyo, asipopenda arudi alikotoka. Hoja hii ina nguvu mioyoni, lakini kifalsafa ni dhaifu kuliko inavyoonekana.

Mwaka 1879 mahakama nchini Uingereza iliamua kesi ya Sturges na Bridgman. Mtengeneza pipi alikuwa akitwanga kwa vinu katika jengo lake la London kwa zaidi ya miaka ishirini. Daktari aliyekuwa jirani akajenga chumba cha kuonea wagonjwa ukutani mwa jikoni hiyo, kisha akalalamika kwamba kishindo kinamzuia kufanya kazi. Daktari alishinda. Kutangulia hakukumsaidia mwenye vinu. Hata Ufaransa mambo hayakwenda upande mmoja. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Bordeaux iliwaamuru wenye nyumba katika kijiji cha Grignols walifukie bwawa lao, kwa sababu vyura walikuwa karibu mno na nyumba ya jirani na kelele zao zilipita kiasi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba haki ni utashi wa kudumu wa kumpa kila mtu kilicho chake. Tazama neno "kila mtu". Hakusema kila aliyetangulia. Katika mafundisho yake juu ya sheria anakubali pia kwamba desturi ya watu inaweza kupata nguvu ya sheria, na hapo mwenyeji anapata mtetezi mkubwa. Lakini desturi hiyo lazima ikubaliane na akili. Desturi inayodhuru haigeuki kuwa njema kwa sababu imezeeka.

Kwa hiyo swali la "nani alifika kwanza" halitoshi. Inabidi tuulize pia: sauti hii, au harufu hii, inatoka kwenye kazi yenyewe, au inatoka kwenye uzembe wa mwenye kazi? Jogoo hawezi kufuga kimya. Banda la nguruwe linaweza kufagiliwa. Sheria nyingine ya Ufaransa, ya tarehe 15 Aprili 2024, imekaribia kusema hivyo. Inamkinga mwenye shughuli iliyokuwapo kabla mlalamikaji hajahamia, lakini kwa sharti kwamba shughuli hiyo inafuata sheria na haikuongezwa ukali baadaye. Kutangulia kunahesabika, ila si peke yake.

Nani alipe?

Kesi iliyonifikirisha zaidi ya zote ni ya Arizona, Marekani, mwaka 1972. Kampuni ya Spur Industries ilikuwa na mazizi ya kunenepesha ng'ombe katika eneo la kilimo, ng'ombe kati ya 20,000 na 30,000. Kampuni ya ujenzi ya Del E. Webb ikaanza kujenga mji mpya wa wastaafu, Sun City, ikavutiwa na bei nafuu ya ardhi, na kila mwaka nyumba zikasogea karibu na mazizi. Matokeo unayajua: inzi na uvundo, na wazee wasioweza kukaa nje ya nyumba zao.

Mahakama Kuu ya jimbo ilitoa hukumu yenye sehemu mbili. Mazizi yahame, kwa sababu wazee wale wanaumia kweli na hawakufanya kosa. Lakini gharama za kuhama alipe mjenzi, kwa sababu ndiye aliyewaleta watu kwenye uvundo na ndiye aliyepata faida. Nimeisoma mara kadhaa na bado naona ina hekima ambayo mabishano yetu ya mtaani huikosa. Sisi hudhani kwamba tukishajua nani yuko sahihi, shauri limekwisha. Mahakama ile ilitenganisha maswali mawili: nini kifanyike, na mzigo wake ubebwe na nani. Mtu anaweza kuwa na haki ya kuomba jambo libadilike na bado akawa na wajibu wa kuchangia mabadiliko hayo.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 61

Karne nyingi kabla ya mahakama hizi, Mtakatifu Benedikto aliandikia wamonaki wake juu ya jambo hilihili. Sura ya 61 ya Kanuni yake inamhusu mmonaki mgeni anayefika kutoka mbali na kutaka kukaa. Apokewe, anasema, kwa muda wowote autakao, mradi aridhike na desturi za mahali kama alivyozikuta, wala asiisumbue monasteri kwa madai yaliyopita kiasi. Ungedhani ameshamaliza. Lakini anaendelea: mgeni huyo akionyesha kasoro fulani kwa sababu za msingi, kwa unyenyekevu na upendo, abate alitafakari jambo hilo kwa busara, maana huenda Bwana amemtuma kwa ajili hiyohiyo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Italia kulielewa hili. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ana jicho ambalo mwenyeji amelipoteza kwa mazoea. Na wazee haohao walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe. Methali hizi mbili zinakwenda pamoja: jicho la mgeni linaaminika zaidi mkono wake ukiwa umeshika mpini. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walikuwa wageni katika nchi ya Wangoni, na mpaka leo wanaendelea kuishi chini ya Kanuni yenye sura hiyo. Historia ya namna walivyoitimiza, na mahali waliposhindwa, inastahili makala yake.

Kisima cha jumuiya

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA waliamua kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Jumuiya zetu hufuata ujirani. Huchagui wa kusali naye, unasali na mwenye mbuzi waliokula mchicha wako. Maana yake ugomvi wa mbuzi hauwezi kubaki nje ya Kanisa.

Katika kigango kimoja ninakokwenda kwa kazi za kitume, eneo ambalo miaka michache iliyopita lilikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho, alihamia baba mmoja mstaafu. Ni mcha Mungu, mchangiaji mzuri, msomaji mzuri wa masomo ya Misa. Alianza kwa kulalamikia mashine ya kusaga kwamba inaanza mapema mno. Akaendelea na kengele ya kanisa. Kisha ngoma za usiku, kisha vumbi la ng'ombe jioni. Kila mkutano wa jumuiya alikuwa na lake. Watu wakaanza kutazamana anapoinua mkono.

Siku moja akataja banda la nguruwe la mama mmoja mwenyeji, mjane. Mama akamjibu kwa upole, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi: "Baba, hao nguruwe ndio waliosomesha wanangu. Wewe ulikuwa mjini, hukuwepo."

Yule baba akasema, "Mama, leo sisemi habari ya harufu. Nasema maji ya banda yanashuka kisimani. Mvua ikinyesha, tunayanywa."

Hakuna aliyemsikiliza. Wanajumuiya walikuwa wameshamchoka kwa ajili ya kengele na vumbi, na jambo moja la kweli kabisa likapita pamoja na yale madogo. Hapo ndipo nilipoielewa ile tahadhari ya Benedikto juu ya madai yaliyopita kiasi. Kumbe inamlinda hata mgeni mwenyewe, asije akayatumia masikio ya watu kwa mambo ya kuvumilika, yakaisha kabla ya lile lisilovumilika. Na inatulaumu sisi wengine pia. Tulipaswa kusikiliza neno lenyewe, tukaangalia nani kalisema. Mtoto wa jirani akiugua kuhara, jina la aliyetahadharisha halitasaidia kitu.

Yule baba sasa anasali jumuiya nyingine. Mama bado ana nguruwe wake, na kwa kweli sioni kwa nini asiwe nao. Kisima kiko palepale chini ya mteremko.

Tuliporudi kwenye suala hili katika mkutano wa mwezi uliopita, mwenyekiti wa jumuiya hakuuliza tena nani alifika kwanza. Aliuliza itagharimu nini kuchimba shimo la maji machafu upande wa pili wa banda na kusakafia chini ili maji yasishuke. Mama akasema yeye peke yake hawezi. Mzee mmoja, mwenyeji wa wenyeji, akasema basi wote wanaochota pale wachange, na yule baba pia, maana ndiye aliyeona kwanza. Mwenyekiti ameshauliza bei ya saruji na matofali. Kilichobaki, mpaka naandika makala hii, ni kukubaliana nani aende kubisha hodi kwa yule baba.