Tuyajue Maji Yetu Kabla Hayajabadilika



Watu wa Yeriko walipomwendea nabii Elisha (2 Wafalme 2:19), walimweleza kwamba mahali pao ni pazuri ila maji ni mabaya. Waliyajua maji yao. Je, sisi tunaoishi karibu na migodi twayajua yetu?

Mwezi wa Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika mto Mara. Jambo kama hilo likitokea, swali la kwanza ni hili: maji yalikuwaje zamani? Asiye na daftari hubaki na maneno matupu.

Asidi hutoka wapi? Mawe mengi yenye dhahabu yana salfa pia. Yakichimbwa na kurundikwa nje, hewa na mvua hufanya salfa hiyo itoe asidi, nayo asidi huyeyusha metali zilizomo. Maji hayo huweza kuwa maangavu kabisa. Tena akina mama wakumbuke: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki wala aseniki.

Basi tufanye hivi:

1. Tuchague mahali pawili: juu ya mgodi, maji yanakotoka, na chini yake. Tupime hapo hapo kila mwezi.

2. Tuchovye karatasi ya kupimia asidi. Namba 7 ni maji yasiyo na asidi. Ikiwa juu ni 7 na chini ni 5, asidi imeongezeka mara 100.

3. Tupime wingi wa maji. Tupime mita 10 kando ya kijito, tutupe chungwa majini, na kuhesabu sekunde. Likitumia sekunde 20, mwendo ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo tuzidishe kwa 0.8, tupate 0.4. Kijito kikiwa na upana wa mita 2 na kina cha wastani cha mita 0.3, basi 2 × 0.3 × 0.4 ni mita za ujazo 0.24, yaani lita 240 kila sekunde.

Kwa nini tujisumbue na wingi? Kwa sababu sumu ile ile huwa kali wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, na wakati wa masika huweza kuonekana imepungua. Apimaye masika tu hujidanganya.

Karatasi haionyeshi zebaki wala aseniki. Kwa hizo hatuna budi kuomba ofisi ya maji ipeleke chupa maabara. Shirika la Afya Duniani linashauri aseniki isizidi miligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu twakumbuka wanafunzi walivyonung'unika kuandika kipimo cha mvua kila asubuhi. Ulipokuja ukame, daftari lile ndilo lililosema. Na hili la maji litasema, kama tutalianza sasa maji yakiwa bado mazuri.

Maswali ya kujadili

1. Nani katika mtaa wetu atatunza daftari?

2. Kijito chetu kina lita ngapi kwa sekunde leo?